Kutoka Muhanga Mpaka Ntendezi

Mtu atokaye Kigali kwenda Nkombo, kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Kivu katika wilaya ya Rusizi, ambayo watu wa makamo wangali wakiiita Cyangugu, hana haja ya kuamua jambo lolote mpaka afike Muhanga. Hadi hapo njia ni moja: hutoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo, huvuka mto Nyabarongo wenye maji mekundu ya udongo, kisha huanza kupanda vilima ambavyo nchi ile imejaaliwa navyo kupita kiasi. Muhanga ndipo barabara inapogawanyika. Ya mkono wa kushoto huelekea kusini, ikapita Ruhango, Nyanza, Huye na Nyamagabe, ndipo ikageukia magharibi na kupenya msitu wa Nyungwe. Ya mkono wa kuume hushika magharibi tangu mwanzo, ikateremka Karongi kwenye ufuo wa ziwa, kisha ikafuata mwambao kwenda kusini kwa kupitia Nyamasheke. Zikisha kuzunguka hivyo, kila moja na mashaka yake, hukutana tena mahali paitwapo Ntendezi, na kutoka hapo huwa njia moja mpaka Kamembe, ambako msafiri wa Nkombo huacha gari na kutafuta chombo.

Kwa mujibu wa maneno ya watu, hiyo ya kushoto ndiyo njia ya haraka, na hiyo ya kuume ndiyo njia nzuri. Hukumu hii niliisikia kwa madereva, kwa wakata tiketi, na kwa mwenyeji wangu wa Biryogo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili kina wenyewe tangu zamani, aliyeniambia kwa ufupi: "Sheikh wangu, ukitaka kufika, pita Huye, ukitaka kutazama, pita Karongi." Mimi nimezaliwa Pemba, na kwa hiyo nina udhaifu wa kuyapenda maji popote niyaonapo, na moyo wangu ulielemea Karongi, walakini nilikuwa nimeahidi kufika kabla ya jua kuchwa, na chombo cha kisiwani hakimngoji mtu aliyekawia kwa sababu ya kutazama. Nikakata shauri kwenda kwa njia ya haraka na kurudi kwa njia nzuri.

Hata hivyo, uharaka huo wapasa kupokewa kwa hadhari. Mabasi ya abiria ya Rwanda yamefungwa vidhibiti mwendo visivyoyaruhusu kupita kilomita 60 kwa saa, na dereva, awe na haraka gani, hana la kufanya ila kukanyaga mafuta na kusikiliza injini ikikataa. Wala asidhani msomaji kwamba ataikuta huko barabara pana ya njia nne. Ni lami nyembamba tu, gari moja likienda na moja likija, ikizunguka vilima ambavyo haikuweza kuvikata. Ubora wake juu ya ile ya ziwani ni kwamba kona zake ni chache kidogo, na kwamba basi halisimami penye kila mti. Magari nayo hupita mkono wa kulia, na kwa mtu wa pwani ya Waswahili aliyezoea kushoto, kila kona hugeuka kuwa fursa ya kumkumbuka Mola wake.

Siyasemi mengi juu ya Nyanza, palipokuwa makao ya wafalme wa Rwanda, wala juu ya Huye, mji wa wanachuoni tangu chuo kikuu kilipoanzishwa huko mwaka 1963, kwa kuwa basi halikutupa nafasi ila ya kununua ndizi dirishani. Lakini baada ya Kitabi, mashamba ya chai yanapokoma, msitu huanza pale pale, pasipo dibaji. Ni zaidi ya kilomita elfu moja za mraba za miti ya asili juu ya milima, na mnamo Septemba 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Humo mna sokwe mtu, mna mbega, mna kima wakaao kando ya lami wakiyatazama magari kwa utulivu wa mashekhe barazani. Jamii za wanyama hao wa mitini zimehesabiwa kuwa 13. Tembo walikuwamo pia, na wa mwisho aliuawa mwaka 1999, kwa hiyo msafiri wa leo hupita katika nchi ambayo mwenye nyumba mkubwa kuliko wote hayumo tena.

Juu kabisa pana kibao kinachoarifu kwamba hapo ndipo mgongo wa nchi ugawao maji ya Nile na maji ya Kongo. Nilikuwa nimeyasoma hayo kitabuni. Kuyaona kwa macho ni jambo jingine. Mvua inyeshayo upande wa mashariki wa mgongo ule huingia mto Rukarara, hatimaye ikafika katika Nyabarongo ile ile tuliyoivuka asubuhi, kisha Akagera, kisha Ziwa Viktoria, na mwisho wake ni Misri. Inyeshayo upande wa magharibi huteremka Kivu, hutoka kwa mto Rusizi hadi Tanganyika, na kwa Lukuga na Kongo huishia bahari ya Atlantiki. Mganga mmoja wa Kidachi, Richard Kandt, aliyeufuata Rukarara mwaka 1898 akitafuta chimbuko la Nile, alijenga makao yake Shangi, juu ya ufuo wa Kivu, karibu na Nkombo, kabla hajapewa kazi ya serikali iliyomfanya auasisi mji wa Kigali mwaka 1907. Mtu huyo alizijua njia zote mbili kabla hazijawa njia, na alizipita kwa miguu pamoja na wapagazi, ambao aghalabu majina yao hayakuandikwa popote. Hata mwaka 2006, msafara wa Waingereza na watu wa New Zealand uliopanda Nile yote kutoka baharini ulipodai kupata chimbuko la mbali zaidi, ulilipata ndani ya Nyungwe.

Nilipoinua macho ili nimshirikishe mtu katika mshangao wangu, niliona kwamba basi zima limelala. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya baridi, vioo vimefunikwa na mvuke wa pumzi, kina mama wamejifunika vitenge hadi machoni, na kijana aliyekaa ubavuni mwangu alikuwa ameuegemeza uso wake begani kwangu kana kwamba sisi ni ndugu. Dereva hakusimama, wala haikuelekea kwamba angesimama, maana njia ile ya msituni ina askari wanaosimama kwa zamu kando yake, na mabasi hayana ada ya kutua humo kwa ajili ya matembezi. Hapo ndipo shaka iliponiingia kwa mara ya kwanza juu ya hukumu ya watu wa Kigali. Kitu adimu kuliko vyote nilivyoviona katika safari ile kimewekwa kwenye njia ya haraka, na wanaopita humo hukipita wamefumba macho.

Msitu unakwisha Gisakura, chai inaanza tena, na muda si mrefu tukawa Ntendezi. Ni mahali padogo pa maduka na pikipiki. Hapana mnara wala kibao cha fahari cha kumjulisha mtu kwamba hapa njia mbili zilizoachana Muhanga zimepatana. Niliitazama ile nyingine ikija kutoka kaskazini, na gari dogo lililojaa watu na magunia likaingia kutoka huko, likatutangulia.

Kamembe ni mji wa juu, na chini yake kuna daraja la Rusizi, na ng'ambo ya daraja ni Bukavu. Kwa ajili ya ujirani huo Kiswahili kimetapakaa huko kuliko mahali pengi pa Rwanda. Serikali ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, lakini soko la Kamembe halikungoja sheria. Mwenye chombo alinipokea kwa kunipa jaketi ya kuokolea maisha na kuniuliza, "Mzee, mizigo yako ni hii tu? Basi kaa kati, usikae pembeni." Nilitaka kumwambia kwamba nimekulia majini, nikaona adabu ni kukaa kati.

Ziwa Kivu halifanani na maziwa mengine niyajuayo. Lina kina cha mita zaidi ya 400, uso wake uko kama mita 1,460 juu ya bahari, na katika vilindi vyake mna gesi nyingi iliyoyeyuka, ambayo huko Karongi huvutwa na kufanywa umeme. Mamba hamna, kiboko hamna. Maji yake ni mazito kwa rangi, na vilima vinaingia ndani yake kwa wima hivi kwamba mtu hajui ufuo uko wapi. Mbele yetu upande wa Kongo kulikuwa na Ijwi, kisiwa kikubwa kilichofunika upeo, na karibu zaidi Nkombo, kirefu na chembamba, kimelimwa kutoka majini hadi kileleni.

Watu wa Nkombo husema Kinyarwanda kama raia wengine wote, na nyumbani husema Kimashi, lugha ya watu wa Bushi ng'ambo ya ziwa. Wengi wa wafanyao biashara wanajua na Kiswahili. Nchi hizi zilikuwa zikichanganyika kabla ya mipaka kuchorwa. Mwami Rwabugiri, mteka nchi mkubwa wa Rwanda, aliitwaa Ijwi, na mauti yalimkuta mwaka 1895 katika msafara wa kuiendea Bushi. Leo vita hivyo ni hadithi, na walio njiani kati ya Nkombo, Kamembe na Bukavu ni kina mama wenye beseni za samaki kichwani, mpaka ukiwa wazi.

Samaki wenyewe ni sambaza, dagaa mdogo wa fedha ambaye asili yake si Kivu hata kidogo: Wabelgiji walimleta kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, akastawi, na sasa ndiye riziki ya mwambao mzima. Huvuliwa usiku. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa boriti ndefu zinazotokeza mbele na nyuma, wavu hutandazwa kati yake, taa huwashwa kuwavuta dagaa juu, na wavuvi huenda na kurudi wakiimba ili makasia yaende pamoja. Sisi Pemba tulitumia karabai kwa kazi hiyo hiyo. Jioni ile, mwenyeji wangu wa kisiwani, mzee aliyevua tangu ujana wake, alinipeleka ufukoni kuwatazama wakitoka, na nikamwuliza habari ya zile njia mbili, kwa kuwa suala hilo lilikuwa halijanitoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho kwa jamala, kisha akaniuliza ni lipi hasa ninalotaka kujua. Nikamwambia: kama angekuwa yeye, angependa kupita wapi, msituni kwa haraka au ziwani kwa uzuri? "Ziwa nalitazama tangu nilipozaliwa," akasema, "sasa nilipe na nauli ya kulitazama?" Walakini aliendelea, na maneno aliyoyasema baadaye ndiyo yaliyonifaa. Binti yake ameolewa Rubavu, mji ulio ncha ya kaskazini ya ziwa hili hili. Zamani, kabla ya lami ya mwambao, ukitaka kwenda kumwona ulikuwa na njia mbili: kungoja meli, nayo ilikuwa na siku zake na desturi zake, au kwenda Kigali kwanza kwa njia ya msitu, ukalala huko kwa jamaa, ndipo kesho yake uelekee Rubavu. Mtu alikuwa akiivuka nchi yote mara mbili ili afike upande wa pili wa maji anayoyanawa kila asubuhi. "Njia ile," akasema, "wageni wanasema ni ya kutazama. Mimi naijua kuwa ni ya kwenda kwa mwanangu."

Nililala nikiyawaza hayo. Njia ya msitu, kwa mtu wa Nkombo, ni njia ya Kigali: ya wizara, ya hospitali kubwa, ya chuo, ya kesi iliyokatiwa rufaa, mtu huishika pale anapoitwa na mambo makubwa kuliko kisiwa chake. Njia ya mwambao ni ya arusi, ya matanga, ya mbegu za viazi, ya gunia la sambaza wakavu linalopelekwa kwa shemeji. Jina la uzuri ilipewa na watu wasio na shughuli nayo, nami nikiwa mmoja wao.

Basi nikarudi kwa njia hiyo. Vipande vyake vilitiwa lami kimoja kimoja katika miaka ya 2010, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya mifuko ya nchi za Kiarabu, na sasa msafiri aweza kwenda kutoka Rusizi mpaka Rubavu bila kuuacha mwambao. Nasema mwambao kwa kufuata desturi. Ukweli ni kwamba barabara haikai na ziwa. Hulipandia juu kwenye mabega ya vilima, ikaliacha nyuma ya mikaratusi, ikazama bondeni penye kiwanda cha kuoshea kahawa na vichanja vyake virefu vya kuanikia, ndipo ghafla ikatokea tena juu ya ghuba nyembamba ambayo maji yake yamelala chini kabisa, na mtumbwi mmoja katikati. Baada ya dakika mbili ziwa limeghibu. Kona hazihesabiki. Mama mmoja mbele yangu alitapika kwa staha katika mfuko aliokuja nao kwa kazi hiyo, akaomba radhi, akaendelea na mazungumzo yake.

Na basi lilisimama. Lilisimama Nyamasheke, likasimama Kirambo, likasimama mahali pasipo jina ambapo bibi kizee alishuka na mbuzi. Walipanda wanafunzi wenye sare, akapanda fundi na mlango mpya wa mbao ambao ulimlazimu konda kufanya shauri refu na abiria wote, akapanda mwalimu wa Karongi aliyekaa nami na kunionyesha vilima kwa majina. Wazungu wenye baiskeli tuliwapita pia, maana mwambao huu una njia ya matembezi ya kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, iliyotengenezwa mahsusi kwa wageni. Walikuwa wamesimama juu ya kilima wakipiga picha, na katika gari letu, ambalo lilikuwa macho lote, hakuna aliyeutazama upande wao wala upande wa ziwa. Watu walikuwa wakiulizana habari za nyumbani.

Mwalimu alinionyesha Mugonero, na mbali zaidi juu ya milima akanionyesha Bisesero. Hakuongeza neno, na sikumwuliza, kwa sababu majina hayo yanajulikana tangu mauaji ya kimbari ya 1994. Msafiri wa Rwanda asidhani kwamba kwa kuchagua njia ataepukana na kumbukumbu. Ile ya Huye hupita karibu na Murambi. Hii ya ziwa, mbele ya Karongi kuelekea Muhanga, hupita Nyange, ambako tarehe 18 Machi 1997 watu wenye silaha waliingia shuleni usiku, wakawaamuru wanafunzi wajitenge Wahutu huku na Watutsi kule, na wanafunzi wakakataa kujitenga, na wengine wakauawa kwa kukataa huko. Taifa limewaandika katika daftari la mashujaa wake. Mwalimu alisema hayo ya Nyange kwa sauti ya mtu anayetaja jirani zake, akinihimiza nisisinzie nitakapopita.

Kiti ni jambo la kuzingatiwa. Aendaye kusini kutoka Karongi akae upande wa kulia wa gari, na arudiye kaskazini akae wa kushoto, la sivyo atasafiri kutwa nzima akitazama ukingo wa udongo uliokatwa kwa machepe. Na mwenye moyo mwepisi, ajue kwamba aendaye kusini, kwa sababu ya magari kupita kulia, ndiye anayekuwa ukingoni juu ya maji.

Tulifika Karongi alasiri, na hapo nilipaswa kubadili gari kwenda Kigali. Niligeuka kuwatafuta wale tuliopanda nao Kamembe, nikitaraji kwamba tutaungana tena katika basi la pili. Hakuwapo hata mmoja. Mama mwenye mfuko alikuwa ameshuka Kibogora, fundi na mlango wake Gishyita, mwalimu alikuwa amekwisha chukua pikipiki kwenda kwake, na konda, nilipomwuliza kama abiria wake wa Kigali huwa wachache namna hii kila siku, alinitazama kwa mshangao akasema, "Mzee, wa Kigali hupita msituni."